Rejeta Hukaa Juu

Kalama, Alhamisi, saa nane mchana

Mwende wangu,

Mmeenda Tala na mama yako kutafuta mashuka, maana ameshikilia kwamba mashuka ya mtumba ya Tala ni mazito kuliko ya Machakos mjini, na hata ng'ombe wote wa Kalama wangelala barabarani asingegeuka. Kwa hiyo niko na nafasi mpaka jioni. Nimekaa kwenye meza yako, nimechana karatasi katikati ya daftari lako la fizikia la Form Two, na ukiona mstari umepinda ujue ni macho. Si pombe. Pombe iko kabatini na mama yako ameondoka na ufunguo.

Najua utacheka. Mzee mzima anamwandikia barua ndefu mtu anayehamia Syokimau, mahali ambapo unaweza kwenda na kurudi kabla sufuria ya muthokoi haijaiva. Barua za namna hii huandikiwa watoto wanaokwenda Kanada. Lakini Syokimau iko karibu na Athi River, na Athi River ndiko anakokaa mjomba wako Mutiso, na kuna jambo la Mutiso ambalo mdomo wangu umekataa kulisema wiki tatu sasa. Kila nikiufungua, unatoka mzaha. Nimeona nijaribu kalamu.

Mambo ya kufunga mlango vizuri, kutokopesha watu sufuria na kutoamini kila anayevaa tai kanisani, hayo mama yako amekuambia mara arobaini, na saa hii anakuambia tena mbele ya wauza viatu. Mimi sina maagizo. Nina habari ya maji ndani ya kompyuta na habari ya wivu, na kwangu mimi hizo ni habari moja.

Nianze mbali kidogo.

Unaikumbuka mashine yetu ya kusaga posho pale sokoni. Injini ya dizeli, silinda moja, imefungwa kwenye simiti, na kando yake pipa kubwa la maji. Bomba moja lilitoka juu ya injini likaingia juu ya pipa, na lingine likatoka chini ya pipa kurudi chini ya injini. Pampu hakuna. Ulikuwa nasari, unakuja hapo ukitoka shule, unga umekupaka mpaka kwenye kope, unaweka kiganja kwenye bomba la juu na kukitoa mbio, halafu unakiweka kwenye la chini na kukiacha hapo. Siku moja ukaniita baba kwa Kikamba chetu, ukauliza, "Nau, nani anayasukuma maji?"

Nikakuambia ni chura.

Nikakuambia kuna chura mkubwa anayeishi chini ya pipa, kazi yake ni kuyapiga maji mateke, na mshahara wake ni makombo ya maandazi. Ukaamini. Ukawa unamwachia makombo kwenye ukingo wa pipa, na kuku wa sokoni wakanenepa mwaka ule kuliko mwaka wowote. Wanawake waliokuja kusaga walikuuliza habari za chura nawe ukawajibu kwa heshima, ati leo amechoka, ati jana alikuwa na homa. Mimi nyuma ya injini nacheka mpaka natokwa na machozi.

Kitu ambacho sijakuambia mpaka leo ni kwamba nilisema chura kwa sababu nilikuwa sijui. Injini ile nilikuwa nimeifungua na kuifunga mpaka kila nati niliijua kwa jina na kwa matusi yake, lakini kwa nini maji ya moto hupanda yenyewe bila kusukumwa na mtu, sikujua. Darasa la sita halikunifikisha huko. Na badala ya kumwambia mtoto sijui, nikampa chura.

Ukafika darasa la nne, mwalimu akauliza kitu kuhusu maji na joto, na wewe mtoto wa mwenye mashine ukawa wa kwanza kuinua mkono. Hilo jina la Chura lilikufuata mpaka darasa la nane, najua. Ulikuja nyumbani siku hiyo unalia kamasi na machozi, na kwa bahati yangu mbaya Mutiso alikuwa amekuja kumwona dada yake. Akachukua kipande cha makaa, akapiga magoti na suruali yake nzuri ya ofisini, akakuchorea pipa kwenye sakafu. Akakuambia maji yakipata moto huwa mepesi, yanapanda, na yale baridi ni mazito, yanashuka kuchukua nafasi yao, yanazunguka hivyo hivyo siku nzima. Ukaacha kulia. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na mkebe wa grisi mkononi, nikisikiliza. Ndiyo siku nami nilijifunza kwa nini maji hupanda. Nilijifunzia nyuma ya mlango wa nyumba yangu mwenyewe, kutoka kwa mwanamume ambaye kucha zake hazijawahi kuona oili.

Kuanzia hapo ikawa Anko amesema. Anko amesema jua halizunguki. Anko amesema betri haifai kuanikwa juani. Radio ikiharibika ndani ya nyumba ya fundi, mtoto wa fundi anasema tumngoje Anko. Ulikuwa huna ubaya, Mwende. Lakini kila uliposema Anko amesema, mimi nilisikia Nau hajui.

Sasa tuje kwa kompyuta.

Ulipomaliza chuo ukaanza kuikusanya, kipande leo, kipande mwezi ujao, mpaka likasimama hapa mezani lile kasha lenye kioo ubavuni. Ukawa unachora nyumba za watu na kuipa kompyuta kazi ya kuzigeuza picha zinazofanana na nyumba za kweli. Wewe unaita kurenda. Mimi naita kupika, maana ni kama maharagwe: unawasha, unaondoka, unarudi baada ya saa nyingi. Na ikipika, ile feni ndogo iliyokuja na prosesa, ule ubongo wake, ilikuwa inalia kama mbu aliyefungiwa mkebeni. Siku moja ukaniita. Ukanionyesha namba ya joto kwenye skrini, tisini na tano. Ukasema, "Nau, ikifika hapa inajipunguza yenyewe isiungue. Nifanyeje?"

Hujui ulinifanyia nini kwa neno hilo. Miaka mingapi hujaniuliza nifanyeje. Nikaelewa papo hapo, maana ni injini tu. Ndogo kama biskuti, haina moshi, lakini ni injini, na injini yoyote isiyotoa joto lake itajiua. Kesho yake nilikuwa Machakos mjini, duka hadi duka, nawaeleza vijana wenye masikio yaliyozibwa kwa miziki kitu ninachotaka, mpaka nikarudi na ule mnara wa kupoza. Unakumbuka uzito wake. Tofali la mabati membamba, mirija sita ya shaba, feni mbili. Tukaufunga pamoja, wewe na mimi. Ukanionyesha kupaka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto juu ya prosesa, kiasi cha punje ya mbaazi. Tukawasha, ukapika, na namba ikashuka mpaka sabini na moja ikakaa hapo kama mama mkwe kwenye kiti. Ukasema, "Nau, umeiweza." Nilitembea Kalama wiki mbili kidevu kikiwa juu, watu wakidhani shingo imeniuma.

Halafu Jumapili moja baada ya misa akaja Mutiso na sanduku.

Akasema kwa kazi ya saa nyingi, maji ni bora. Akatoa mirija miwili myeusi, kipampu chenye taa kinachokaa juu ya prosesa, na rejeta. Rejeta kabisa, Mwende, yenye mapezi na feni zake, kama ya lori lakini imekonda. Mliufungua mnara wangu mchana huo huo. Ulisema asante Nau, ulikuwa mzuri, kama vile watu husema kwenye mazishi, na ukausukuma chini ya kitanda pamoja na viatu visivyo na jozi.

Mimi nikaikagua rejeta pande zote nikitafuta kifuniko cha kuongezea maji. Hakuna. Imefungwa kiwandani, ukitaka kujua maji yamebaki kiasi gani huwezi. Nikasema mbele yenu kwamba kitu chenye rejeta na hakina kifuniko hakikutengenezwa na watu waaminifu. Mlicheka nyote. Lakini sikuwa nacheka ndani. Angeleta barafu ningevumilia. Angeleta feni kubwa kuliko yangu ningevumilia. Akaleta maji. Maji yalikuwa yangu. Pipa lilikuwa langu, mabomba yalikuwa yangu, kiganja kidogo kwenye bomba kilikuwa cha mtoto wangu, na huyu bwana alishanichukulia hayo mara moja kwa kipande cha makaa, sasa anarudi kuyachukua tena kwa sanduku lenye picha.

Na ningepaswa kujua, maana wivu ulishanivunjia injini moja. Hiyo hukuijua, ulikuwa bado hujazaliwa.

Kiangazi kikiwa kikali, kwangu kulikuwa na desturi: anayekuja kusaga anakuja na mahindi na jagi la maji ya kujaza pipa. Huna maji, unangoja mwenye maji asage kwanza. Wanawake waliyatoa mbali yale maji na hawakunipenda kwa ajili hiyo. Ndipo Kasyoki akafungua mashine yake ng'ambo ya barabara, na injini yake ilikuwa ya upepo. Haina pipa, haina bomba, ina mapezi ya chuma na feni inayopuliza. Njoo na mahindi tu. Ndani ya wiki moja nikabaki na wateja wawili, na mmoja wao alikuwa mama yangu.

Nikaanza kumtangaza vibaya. Nikawaambia watu injini ya upepo itayeyuka, unga wake una ladha ya moto, ngojeni muone. Jumamosi moja foleni yake ikawa ndefu, wachache wakavuka kuja kwangu, na mimi kwa tamaa ya kuonekana nikawasagia wote na pipa likiwa robo. Maji yakachemka. Pipa likatoa mvuke kama sufuria ya harusi. Kasyoki akasimama mlangoni kwake, akauliza kwa sauti ya soko zima, "Nzioka, leo unasaga ama unapika chai?"

Watu wakacheka. Nikachukua ndoo ya maji baridi ambayo mama yangu alikuwa ameileta, na badala ya kuzima na kungoja, ambayo hata mtoto wa fundi anajua, nikaimwaga yote juu ya chuma chenye moto. Nilisikia ule mlio nikiwa bado nimeshika ndoo. Silinda hedi, kile kichwa cha injini, ilipasuka kutoka upande huu mpaka ule. Miezi saba nikawa nachunga mbuzi wa watu mpaka nikapata nyingine. Na mvua iliporudi, mapezi ya injini ya Kasyoki yakajaa unga na matope, nayo ikaanza kuchemka, nikafurahi wiki nzima. Mimi mwenyewe nikiwa na chuma kilichokufa. Hiyo ndiyo akili ya mtu mwenye wivu, mwanangu. Anaweza kushangilia akiwa na njaa.

Basi sikujifunza. Sasa nakuambia nilichofanya.

Mtu aliyefanya kazi na injini za maji anajua adui mmoja kuliko wote, nao ni hewa. Hewa kidogo ikiingia kwenye maji hupanda mahali pa juu kabisa na kukaa hapo. Ikikaa kwenye rejeta, si neno. Ikikaa kwenye pampu, pampu inazunguka bure, maji hayaendi, na moto unabaki pale pale. Mutiso aliifunga rejeta juu kwenye dari ya kasha, ndiyo sawa kabisa, ili kihewa kilichomo kipande humo na kuiacha pampu. Nilimwona akifanya hivyo na nikajua anajua.

Jumamosi ile, mlipokwenda mazoezi ya kwaya, nilichukua bisibisi. Nikafungua rejeta kutoka juu, nikaishusha, nikaifunga kwenye sakafu ya kasha. Pampu ikawa ndiyo mahali pa juu kabisa. Sikukata kitu, sikumwaga tone. Kazi safi. Uliporudi ukaniuliza kwa nini, nikakuambia kitu kizito hukaa chini, kama mzigo wa lori, na tena vumbi litapungua. Ukacheka, ukasema sawa fundi. Uliniamini. Hapo kila nikifika nataka kuichana hii karatasi.

Sikujua kwamba picha ulizokuwa unapika Jumapili ni zile za kuombea kazi ya Syokimau, za kutumwa Jumatatu kabla ya saa sita. Nakuapia sikujua. Nilitaka tu maji ya Mutiso yaaibike kidogo siku ya kawaida. Ukawasha, pampu ikaanza kukoroma, na ukasema, "Nau, chura amerudi." Tukacheka pamoja. Nusu saa baadaye mashine ikajizima. Ukawasha, ikajizima. Mara ya tatu ukaweka paji la uso mezani na mabega yakaanza kutikisika, na mimi, badala ya kusema, nikaenda chini ya kitanda nikatoka na mnara wangu kama mtu aliyetumwa na mbingu.

Tukaufunga. Ukamaliza. Ukatuma Jumatatu zikiwa zimebaki dakika. Kazi ukapata. Kwa hiyo ukitazama kwa jicho la shetani, nilikuokoa. Nimelitumia jicho hilo wiki tatu.

Halafu ukampigia Mutiso simu nikiwa nimekaa pale pale. Ukamwambia amekuletea kitu cha mtumba ndani ya sanduku jipya. Nilisikia sauti yake ndogo ikisema alikinunua kipya. Ukamwambia asije kukitengeneza, na kile chumba walichokuwa wamekutengea Athi River, ambacho mkewe alikuwa ameshakipaka rangi, hukihitaji, utatafuta chako. Nilipaswa kuinyakua ile simu. Nilimimina chai.

Alikuja Jumatano. Ulijifungia chumbani ukakataa kutoka. Alikunywa chai na mama yako, akaomba kuiona mashine. Akainama mbele ya kioo. Mnara wangu ulikuwa ndani, rejeta yake ilikuwa imelazwa mezani, lakini kwenye sakafu ya kasha yalibaki matundu manne ya skurubu, rangi imekwaruzwa, chuma kinang'aa. Akaweka kidole hapo. Akaniangalia. Mimi nikaangalia kalenda. Nikangoja akuite. Alikuwa na haki ya kukuita, akuonyeshe matundu, na mchezo wangu uishe.

Hakukuita. Nilimsindikiza hadi kwenye lango, na tulipofika hapo akasema polepole, bila hasira, "Shemeji, rejeta hukaa juu." Akaenda zake.

Ningependa angenitukana. Mtu akinitukana najua pa kuanzia. Alinyamaza ili usimdharau baba yako, akaacha umdharau yeye, na akaubeba mzigo huo mpaka Athi River. Unaona taabu yangu? Hata kwa kunyamaza amenishinda. Nina wivu na kunyamaza kwake. Mama yako naye ameshanusa, kwa sababu usiku huo alinipa chakula, akanitazama nikila, akasema, "Baba Mwende, wivu wako ungekuwa unasaga mahindi, tungekuwa na gorofa." Nikaendelea kutafuna. Nyama ilikuwa ngumu.

Sasa habari ya leo.

Mlipopinda tu kona ya kanisa, nilianza. Kwanza niliipikisha mashine na mnara wangu, ile nyumba yako yenye bwawa la kuogelea ambalo hakuna mtu wa Kalama angelijaza. Saa nzima: sabini na moja, kama kawaida yake. Nikazima, nikangoja ipoe, siku hizi nangoja. Nikafuta dawa ya zamani, nikapaka nyingine, punje ya mbaazi, nikafunga maji ya Mutiso na rejeta nikairudisha juu. Nikalitikisa kasha taratibu mpaka kukoroma kukaisha. Nikapika nyumba ile ile. Dakika za kwanza namba ilikaa hamsini na kitu, nikaanza kununa. Kisha ikawa inapanda, pole pole, kama mtu anayejua atafika. Baada ya saa nzima ikasimama sitini na saba.

Tofauti ni digrii nne, Mwende. Kwa ajili ya digrii nne nilikukosanisha na mjomba wako.

Na sasa nikuambie neno la fundi, maana hili nalijua na sikulisikia nyuma ya mlango. Maji hayapoozi kitu. Maji ni mpagazi. Yanachukua joto hapa yanalipeleka kule, na kule ni lazima upepo ulipokee, la sivyo mpagazi anarudi na mzigo wake. Ndiyo maana mwanzoni yanaonekana hodari: maji huchelewa kupata moto. Ukiyapa kazi ya saa nyingi, yanajaa, na hapo kinachohesabiwa ni ukubwa wa rejeta na upepo wa feni, na hayo hata mnara unayo. Na hakuna hata kimoja kati yao kitakachoshusha joto chini ya hewa ya chumba. Chumba chako cha Syokimau kikiwa tanuri, vyote viwili vitapuliza hewa ya tanuri. Fungua dirisha kwanza.

Je, maji yanafaa? Kama una prosesa kubwa inayopika kutwa bila kupumua na rejeta kubwa ya kutosha, ndiyo. Kama kasha ni dogo na mnara hauingii, ndiyo. Kwa kazi yako na prosesa yako, mnara unatosha. Feni ikifa, unanunua feni nyingine mahali popote, unafunga, unakunywa chai. Pampu ile ikifa, kitu chote ni cha kutupa, maana hakina kifuniko wala mlango. Hivyo ukiniuliza kama fundi, nasema feni inatosha. Ukiniuliza kama baba yako mwenye wivu, nasema feni inatosha sana sana. Majibu yanafanana, na ndiyo maana hupaswi kuniamini mpaka umuulize mtu mwingine.

Kuna siri nyingine ndogo. Yule kijana wa duka aliponiuzia mnara aliniambia kwamba ndani ya ile mirija ya shaba kuna tone la maji, limefungiwa humo. Likipata moto linageuka mvuke, linakimbilia juu kwenye mapezi, linapoa, linarudi chini. Hakuna pampu. Hakuna anayelisukuma. Nilikuficha hilo kwa sababu nilitaka uone mnara wangu ni wa upepo mtupu, adui wa maji ya Mutiso. Kumbe tangu mwanzo nilikuwa nimekuletea lile pipa letu.

Maji ya Mutiso nimeyaacha ndani ya mashine. Sikuyaacha kwa toba peke yake. Barabara ya kesho ina matuta, na mnara mzito unaoning'inia kwenye bodi ya kompyuta unaweza kuipasua kwa mruko mmoja. Rejeta imefungwa kwenye kasha, haitadhuru kitu. Mnara uko ndani kabisa ya kyondo, kile kikapu chako, umefungwa ndani ya koti langu la zamani, pamoja na ile dawa iliyobaki.

Naomba kitu kimoja. Kesho kabla gari halijafika, mpigie Mutiso. Mwambie aliyeharibu ni baba yako. Usinirembe, usiseme mzee alikosea, mwambie alifanya makusudi, na kama ana nafasi bado, hicho chumba chenye rangi mpya kinakufaa kuliko cha kupanga peke yako. Nimejaribu mara tatu leo kumpigia mwenyewe. Mara mbili nilikata kabla haijaita. Mara ya tatu akashika, nikamuuliza habari ya mvua huko. Akaniambia hakuna mvua. Tukaagana vizuri.

Utakaa kwake, utakula kwake, utarudi Krismasi ukisema Anko amesema. Itaniuma. Nimeshajipanga kuumia, nitakaa hapa nje nitafune mua niwe na sababu ya kukunja uso.

Lakini pampu ile itakufa siku moja, Mwende. Mwaka wa tano, wa sita, sijui, lakini itakufa, na itaanza kwa kukoroma. Siku hiyo mnara uko kwenye koti. Kesho mpigie yeye kwanza. Siku hiyo nipigie mimi kwanza. Utaniuliza swali ambalo silijui, maana kompyuta zitakuwa zimebadilika, na nitakuambia sijui. Halafu nitamuuliza Mutiso pembeni, na nikikupigia tena nitakuambia nimelifikiria mwenyewe.

Nau wako,
Nzioka